Mzee Yuko Dodoma

Kutoka mlango wangu wa jikoni hadi Dodoma ni hatua 31. Mvua ikinyesha ni hatua 22, kwa sababu mtu anakimbia. Serikali iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaja kufunga mizigo kwa dhati mwaka 2016. Mimi nilihama Jumamosi moja kabla ya chai ya saa nne, na kiti, meza, chupa ya chai na redio ya betri. Sikumdai mtu posho ya uhamisho.

Nieleze vizuri, maana mtaani kwetu nimeshaeleweka vibaya vya kutosha.

Nina kiwanja cha 20 kwa 20 huku Goba, na nyumba imekula zaidi ya nusu. Kipande kilichobaki nyuma mama watoto anakiita bustani: matuta mawili ya mchicha, matembele, mchaichai, mpapai dume usiozaa ambao hakuna anayethubutu kuukata kwa sababu aliyeupanda ni mama mkwe, na mwembe dodo, ambao ndio mwenyeji, maana tuliukuta. Chini ya mwembe ule ndipo nilipoamua kujenga chumba changu, baada ya miaka 26 ya kuandika makala kwenye meza ya chakula huku nikiambiwa "baba, inua daftari nipitishe sufuria". Chumba kimoja, futi 10 kwa 12, dirisha moja linaloangalia mchicha. Kazi yake ni kukaa.

"Kukaa kufanya nini?" fundi aliniuliza siku ya kwanza, ameshika kamba na vigingi.

"Kukaa tu."

Akaitazama pete yangu ya ndoa, akatazama dirisha la jikoni, akashusha pumzi ya mtu aliyekwishaona mengi. Akaanza kuchimba msingi kimyakimya. Siku ile hakuniomba hata hela ya chakula cha mchana. Nadhani alinihurumia.

Huruma ilikwisha Jumatatu. Mafundi wetu wana ugonjwa mmoja: hawawezi kujenga kitu kidogo. Ukisema chumba, yeye anasikia nyumba. Alipofika kwenye lenta aliacha nondo zimechomoza ubavuni, eti siku Mungu akijalia nitaongeza vyumba viwili na sebule. Mungu hajajalia. Nondo zipo, watoto wanaanikia soksi. Mimi nilitaka makuti. Akasema makuti yanakaa nyoka na yanapenda moto, tuezeke bati. Sasa kwenye mabati hesabu ni ya kinyumenyume, namba ikipanda unene unashuka: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Pesa yangu ilipofika mwisho ilikuwa imesimama kwenye geji 32. Bati la geji 32 chini ya mwembe dodo si jambo la kumshauri rafiki. Mwezi wa Desemba embe moja likidondoka usiku, mtaa mzima unawasha taa.

Lakini bati si tatizo. Tatizo ni mawazo, na hayo yalianza kuingia kabla mlango haujawekwa.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe, aliyekuja kuusalimia mpapai wake. Akazunguka kuta mara moja, akasema, "Baba, hapo kwenye kona piga kachoo kadogo ka ndani, upate mpangaji. Kodi ya miezi sita mkononi." Nikasema, mama, nataka kukaa mwenyewe. Akamwangalia binti yake kwa jicho la kuuliza kama nimelala vizuri. Kijana wangu mkubwa yeye hakuuliza. Niliporudi kutoka kazini nikakuta amebandika trei za mayai ukuta mmoja mzima. Studio. Alikuwa na nyimbo sita za singeli zinazosubiri, na alinieleza kwamba trei za mayai zinakula mwangwi. Binti akataka saluni ya kucha. Shemeji akaleta vyuma vya mazoezi, vile vya bomba lililozibwa kwa zege kwenye makopo ya rangi ya lita nne, akaviacha mlangoni "kwa muda". Vipo mpaka leo.

Aliyenikera kuliko wote ni jirani wa geti jeusi, ambaye alikuwa ametoka kwenye semina ya ujasiriamali na macho yake bado yanang'aa. Akasimama katikati ya chumba changu, akafunga dirisha, akanusa.

"Mzee, hiki chumba ni cha uyoga."

Akanisomea darsa palepale. Uyoga mamama hautaki shamba. Unachukua mabua au majani makavu ya mgomba, unakatakata, unachemsha kuua vimelea, unasubiri yapoe, unayapanga kwenye mifuko ya nailoni kwa tabaka na mbegu zake, unafunga. Mifuko inakaa gizani, na baada ya wiki tatu hivi utando mweupe umeenea. Hapo unatoboa, unanyunyizia maji, unavuna. Chumba kinatakiwa kiwe na giza, unyevu, utulivu, na watu wasiingie ovyo.

Nikamwambia, ndugu yangu, giza silitaki, lakini utulivu na watu kutoingia ovyo ndivyo hasa ninavyovitafuta. Akasema, "Ndiyo, lakini wewe hutoi kilo." Kwa hiyo baina yangu na kuvu, kuvu ndiye mwenye hoja nzito zaidi juu ya kile chumba.

Hapo ndipo nilipong'amua sheria ambayo haimo katika katiba yoyote lakini kila nyumba inaifuata. Chumba chenye gunia la mkaa hakiguswi, kina kitu. Chumba chenye friji bovu kina kitu. Chumba chenye mzee anayewaza ni kitupu. Mtu anaweza kufungua mlango, akakukuta umekaa na kalamu, akageuka na kupaza sauti nje: "Hamna mtu, leteni tu hizo ndoo!"

Nikatafuta dawa, na dawa niliipata kwa marehemu George Bernard Shaw. Huyu ni yule mwandishi wa tamthilia, mzaliwa wa Ireland, aliyepewa Nobel ya mwaka 1925. Alikuwa na kibanda mwisho wa bustani yake kijijini Ayot St Lawrence, Uingereza, na humo ndimo alimoandikia. Kibanda chenyewe kilikuwa kinazunguka. Kilikalishwa juu ya mtambo, ukikisukuma kinageuka ili kilifuate jua. (Wenzetu wanalifuata jua. Changu kingekuwa na magurudumu kingelikimbia.) Ila ujanja wake mkubwa haukuwa mtambo, ulikuwa jina. Alikiita London. Mgeni asiyetakiwa akibisha hodi, anaambiwa bwana yuko London, na hakuna aliyesema uongo.

Basi nikamwita mama watoto, nikamweleza. Akacheka, akakubali, tukatafuta jina. Chumba kiko chini ya mwembe dodo, kwa hiyo jina lilijileta lenyewe. Na tangu treni ya mwendokasi ianze kufika huko mwaka 2024, mtu anaweza kwenda Dodoma asubuhi na usiku akalala kwake Dar es Salaam. Hakuna wa kushangaa. Nikaandika kwa rangi juu ya kizingiti: DODOMA.

Wiki mbili za mwanzo sijawahi kuishi vile tangu nioe. Saa mbili asubuhi naingia Dodoma na chai yangu. Nasikia geti linagongwa. Nasikia sauti ya mama watoto, tulivu kabisa: "Mzee yuko Dodoma." Nasikia ndala zikiondoka. Kamati ya harusi ilikuja, ikaondoka. Wakala wa bima alikuja, akaondoka. Nilisoma kitabu mpaka mwisho, pamoja na ule ukurasa wa nyuma unaoeleza kiwanda kilichokichapa. Nikamaliza hata makala niliyokuwa nadaiwa na mhariri tangu Pasaka.

Kosa alilifanya mama watoto, na silo kosa, ni Kiswahili.

Jirani wa kike wa nyumba ya tatu alimuuliza, "Kila siku Dodoma, Dodoma. Kwani mzee huko anafanya nini?" Mama watoto ni mcha Mungu, hawezi kutunga. Akajibu ukweli mtupu kama alivyousikia kwangu mbele ya fundi:

"Anakaa."

Msomaji, wewe unaijua lugha yako. Mtu "anayekaa" Dodoma.

Kufikia jioni mtaa ulikuwa umegawanyika kambi mbili. Wanaume walisema nimepata uteuzi. Wanawake walisema nimepata mke. Kambi zote mbili zilikubaliana kwamba vyovyote itakavyokuwa, pesa ninayo.

Mimi nilikuja kujua kwa Mangi. Nilikwenda dukani kununua vocha, nikiwa na shilingi elfu mbili na deni la sukari la mwezi uliopita. Mangi, ambaye kwa kawaida ananisalimia kwa kulifungua daftari la madeni, alisimama. "Shikamoo mheshimiwa," akasema. "Ungemtuma kijana tu." Kijana mmoja aliyekuwa anakunywa soda akanipa kiti, halafu bahasha yenye vyeti vyake. Mjumbe wa shina akanisindikiza mpaka getini akinieleza habari za mtaro wa barabara yetu, kwamba neno moja tu kutoka juu, neno moja. Kadi ya harusi ambayo kila mwaka huja imeandikwa 50,000 ilikuja imeandikwa 300,000, na jina langu limeanza na "Mh."

Ningekana siku ile yangeisha. Lakini "mheshimiwa" ni neno tamu, hasa kwa mtu aliyezoea "baba, inua daftari". Nikatabasamu tu. Nikasema tutaona.

Wanawake wao walikuja kumpa pole mama watoto. Walikuja na vitenge, na mchele, mmoja alikuja na kuku. Walimshika mkono, wakamwambia avumilie, wanaume ndivyo walivyo, wakisikia reli mpya wanataka kituo kipya. Nikamuuliza usiku, kwa nini hukuwaambia ukweli? Akasema, "Niliwaambia. Nikasema mume wangu yuko bustanini. Wakalia zaidi."

Na zabibu! Hakuna anayerudi kutoka Dodoma mikono mitupu. Kila nilipoonekana jioni, watoto wa mtaa: "Babu, zabibu!" Mangi: "Mheshimiwa, hata kichane kimoja?" Nikaona aibu. Nikaenda mjini, nikanunua kilo mbili kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa kuwa mama watoto husoma safu hii, nikagawa. Kesho yake Mangi akanionyesha kibandiko kidogo kilichokuwa kwenye mfuko. Zabibu zangu za Dodoma zilikuwa zimelimwa Afrika Kusini. "Kumbe mheshimiwa unasafiri mbali hivyo," akasema, na kuanzia hapo nikapandishwa cheo kingine, mambo ya nje.

Anguko lilikuja Jumamosi. Kikundi cha vikoba cha mama watoto hukutana kila wiki kwa zamu, na zamu ilikuwa yetu. Sebuleni kulikuwa na mafundi wa dari. Mweka hazina akasema, "Si kuna kile chumba cha uani? Mzee mwenyewe si yuko Dodoma?" Mama watoto angejibu nini? Ni kweli nilikuwa Dodoma.

Nikasikia msafara unakuja kati ya matuta ya mchicha. Nilikuwa na singlendi na msuli. Nikafikiria dirisha, nikakumbuka kwamba kwa usalama wangu fundi aliweka nondo kila inchi nne. Mlango ukafunguliwa. Akina mama 14, mikeka, birika la chai, na lile sanduku la bluu lenye kufuli tatu, ambalo halifunguki mpaka wenye funguo wote watatu wawepo. Wote walikuwepo.

Kimya kilikuwa kirefu. Halafu mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye busara zake, akavua viatu, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo mheshimiwa. Treni ya leo imewahi."

Mkutano ulifanyika mlemle. Mimi nilikaa kwenye kona chini ya trei za mayai, kwa sababu msuli haukuniruhusu kupita katikati yao. Nikasikia hisa zikinunuliwa, faini za wachelewaji zikikusanywa, na mwisho, kwenye mengineyo, mama watoto akaomba mkopo wa kununua vifaranga 100 wa kuku wa nyama. Mwenyekiti akauliza, banda lipo? Akina mama 14 wakatazama dari, wakatazama kuta, wakatazama sakafu. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Chumba kilikuwa kitupu.

Nilipinga. Jambo hili lieleweke. Nilipinga wiki tatu nzima, na ningeshinda kama si masika.

Wagogo husimulia kwamba jina Dodoma lilitokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akazama kwenye tope. Waliomkuta wakasema amezama, kwa lugha yao, na mahali pakaitwa hivyo. Hadithi hii niliijua tangu shule ya msingi na sikuwahi kuitafakari mpaka usiku mmoja wa Aprili. Fundi aliyenijengea lenta ya kubeba ghorofa alisahau kuinua jamvi. Maji ya mtaa mzima, yale ambayo mjumbe aliniomba niyaombee mtaro, yalipita chini ya ukuta wa jirani, yakavuka mchicha, yakaingia chini ya mlango wangu. Nilikuwa nasoma. Nilihisi baridi miguuni nikadhani ni umri. Nilipotazama chini, ndala zangu zilikuwa zinaelea kuelekea ukutani, na mimi mzee mzima nimekaa katikati ya maji, chini ya neno DODOMA. Mama watoto alisimama mlangoni na tochi. Hakusema kitu. Yeye ni mtu wa Tanga, lakini nina hakika moyoni alisema kwa Kigogo.

Ikabidi meza itoke ili sakafu ikauke. Fundi akarudi, akainua jamvi kwa zege, akanidai upya. Tulisubiri siku kumi. Sakafu ilipokauka ikamwagiwa maranda. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda mjini, na niliporudi geti lilifunguliwa na shemeji, akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetangaza msiba na furaha kwa pamoja: "Shem, wameshaingia."

Nawatendea haki: wamekipenda chumba kuliko mimi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na bati langu la geji 32, jua likiwaka, linampa bila kuwasha taa. Usiku taa inawaka, na LUKU inayosoma ni ya kwangu. Nafasi inatosha, maana mita moja ya mraba inabeba kuku kumi, na mle mna mita 11. Siku ya saba walipewa chanjo ya kideri, ya 14 ya gumboro, ya 21 kideri tena, kwenye maji ya kunywa. Mimi nina presha tangu 2019 na hakuna aliyewahi kuniandikia kalenda ukutani. Redio yangu imebaki mle. Shemeji amesema kuku wakizoea sauti hawashtukishtuki. Wanasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mimi nahadithiwa.

Mtaani hadhi yangu imerudi ilipokuwa. Kambi ya uteuzi inasema nimetenguliwa. Kambi ya mke inasema ameniacha. Mangi anafungua tena daftari kabla ya salamu. Kadi ya harusi, hata hivyo, haijarudi kuwa 50,000.

Wakishauzwa hawa, baada ya wiki mbili hivi, mama watoto ameniahidi chumba kitakuwa changu. Amesema kwa moyo mweupe, na nimemwamini. Jana nilikuta risiti ya vifaranga 150.

Makala hii nimeiandikia ndani ya gari letu, lililosimama uani tangu betri life. Kiti cha nyuma kinalala vizuri na vioo vinapanda, isipokuwa kimoja. Sijamwambia mtu, ila nimeshalipatia jina, kwa sababu ni nusu ya safari. Kwa hiyo ukija nyumbani ukaambiwa mzee yuko Morogoro, zunguka nyuma ya nyumba ugonge kioo cha kushoto taratibu, na tafadhali usiniulize zawadi.